Picha ya ua kwa karibu: nilivyopambana na ukungu wa simu, mpaka dada yangu akapiga kutoka Tabora

Wakuu, habari za humu ndani.

Wanaotaka kuniamkia, marahaba, nimeshaitikia kabisa ili tusipoteze muda. Mie ni bibi mtu mzima, shule niliishia darasa la nne, nachapa kwa kidole kimoja. Nikikosea herufi, soma hivyo hivyo.

Haya nayoeleza yamenitokea mwenyewe hapa nyumbani kwetu Temeke. Sijaongeza chumvi. Chumvi daktari kanikataza.

Nimeona humu kuna vijana wanalalamika wakipiga picha ya ua kwa karibu inatoka ukungu. Wengine wanaambiwa wakanunue kamera. Subirini kwanza, msikimbilie dukani. Nisomeni.

Nina dada yangu, Da Mwanaidi. Ndiye aliyenifuata mie kwa juu, yaani yeye mkubwa, mie mdogo. Aliolewa Tabora zamani, akakaa huko huko. Mara ya mwisho kuja Dar ni alipokuja kumzika mama. Baada ya hapo magoti yakakataa safari.

Sasa na macho nayo. Presha ya macho. Jicho moja limeshafunga, la pili linafifia. Daktari akamwambia watamfanyia operesheni, ila akamweleza ukweli, kwamba operesheni hiyo ni ya kulinda kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi. Na hata hicho kilichobaki hakuna wa kukiwekea ahadi.

Basi mkwe wake, Mama Salumu, anayemuuguza, akanitumia meseji. Naiweka kama ilivyokuja:

"Mama mdogo shikamoo. Mama anasema umpigie picha ya ua hapo nyumbani. Uipige vizuri, kila kitu kionekane. Anataka aangalie kabla hajaingia operesheni."

Nikasoma mara moja, nikaelewa. Au niseme nilijiona nimeelewa.

Maana hapa nyumbani tuna mti wa asumini. Aliupanda mama yetu, nyuma, karibu na ukuta. Da Mwanaidi alipoolewa, kikuba alichovaa kifuani kilitungwa kwa asumini za mti huo huo, na rihani ya jirani. Ile harufu watu waliisema mtaa mzima. Mpaka leo akinipigia simu lazima aulize, "Asumini inatoa?" Namjibu, "Inatoa."

Kwa hiyo picha ya ua ni ya asumini. Kuna la kuuliza hapo?

Sikuuliza. Mie si mtu wa kuagizwa mara mbili.

Simu nnayotumia alikuwaga nayo mjukuu wangu Rehema, ambaye nakaa naye. Yeye anauza nguo mtandaoni, kutwa anapiga picha magauni. Aliponunua mpya akanirithisha hii.

Nikatoka nyuma mchana ule ule. Nikachagua ua limoja zuri, limefunguka, jeupe. Nikainama, nikasogeza simu mpaka ikawa kama inataka kulinusa. Nikabonyeza.

Ukungu.

Nikasogeza zaidi. Ukungu mkubwa zaidi. Ua likawa kama donge la pamba. Halafu cha kuudhi, vitu vya nyuma vyote vimetoka safi! Kamba ya nguo inaonekana, vibanio unavihesabu, ngazi ya jikoni inaonekana mpaka nyufa zake. Simu inaliruka ua lililo mbele ya pua yake, inakwenda kushika vya mbali visivyo na maana.

Nikafuta. Nikapiga nyingine. Nikafuta. Nilipiga na kufuta mpaka kiuno kikalia.

Rehema akatoka jikoni, akasimama kunitazama.

"Bibi, unalipiga picha au unalibusu?"

"Mke mwenzangu, kama unajua nionyeshe. Kama hujui, nyanya zinakungoja kukatwa."

Akachukua simu, akaigeuza, akaangalia kile kijicho cha kamera. Akanusa. Wallahi, alinusa.

"Bibi, unafutia nini hapa?"

"Nafutia kanga."

"Kanga gani?"

"Hii niliyojifunga kichwani."

"Uliyojifunga baada ya kupaka nywele mafuta ya nazi."

Wakuu, hilo ndilo la kwanza. Kabla hujailaumu simu, tazama lensi. Sie wanawake wa kanga tunafuta kila kitu kwa ncha ya kanga, miwani, mikono, pua za watoto, na kanga yenyewe imeshiba mafuta. Pata kitambaa kikavu, laini, kisafi, kiwe cha kazi hiyo peke yake.

Tukasafisha; bahati mafuta yalikuwa membamba, vya mbali vilikuwa vinapenya. Picha ikawa na nafuu, ila ua likatoka kama la plastiki. Laini kupita kiasi. Asumini halisi ina vistari vyembamba kwenye petali ukiitazama vizuri, hii haikuwa na hata kimoja. Rehema akaanza kucheka akakaa chini.

"Samahani bibi. Hii nilikuwaga najipigia selfi. Nimeacha imewashwa ile ya kulainisha uso."

Yaani ua la mama yangu limepakwa poda kama bibi harusi. Akaizima.

Akanionyesha pia ile wanayoita potreti, inayofifisha nyuma ili mtu aonekane. Nikaipenda. Ua likajitokeza, nyuma kukawa moshi. Lakini nilipokuza picha nikaona ile potreti ni ya uongo. Asumini chini ya petali ina vimasharubu vya kijani, vyembamba kama uzi. Simu ilivikata nusu, nusu ikavizamisha kwenye moshi. Haijui kipi ni ua na kipi si ua, inakisia tu. Na mie nimeagizwa kila kitu kionekane.

"Zima," nikamwambia.

"Bibi, watu wote siku hizi wanatumia hiyo."

"Watu wote si dada yangu. Zima."

Jioni ile Rehema akaniletea somo ambalo sitalisahau. Alianua nguo, akachukua vibanio, akavipanga kwa msitari juu ya sakafu, kimoja mbele ya kingine, kama watoto wa shule. Akaniambia nipige picha nikiwa karibu kabisa, nigonge kile cha katikati kwenye skrini.

Kimoja tu ndicho kilichotoka safi. Vya mbele yake ukungu, vya nyuma yake ukungu.

Akanirudisha nyuma hatua moja. Vikatoka safi vitatu.

Akanirudisha tena. Vyote.

"Umeona bibi? Ukisogea sana, sehemu inayoonekana vizuri inakuwa nyembamba kama chapati. Ukirudi nyuma inanenepa kama mkate wa kumimina. Ua lako lote linatakiwa liingie ndani ya mkate."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe nilivyokuwa nasogea ili lionekane zaidi ndivyo nilivyokuwa naliharibu. Na simu ukiizidishia ukaribu haishiki kabisa, ndio maana ilikuwa inakimbilia nyuma. Rudi nyuma. Halafu picha ikishatoka safi, ikate pembeni ubakishe ua. Litakuwa kubwa na litakuwa safi.

Tulifanya na mengine, nayasema kama yanavyonijia.

Upepo. Asumini ina kikonyo chembamba, upepo kidogo inacheza. Nikapiga asubuhi, kabla upepo haujaamka, na kikonyo nikakifunga kwa uzi kwenye kijiti nilichochomeka ardhini. Usikaze, utalinyonga.

Utulivu wa mkono. Egemeza kiwiko kwenye kitu. Mie niliegemea kinu. Vuta pumzi, toa, kisha bonyeza. Ukibonyeza unaongea na mtu umeharibu.

Kugonga skrini. Gonga pale unapotaka paonekane, halafu bana kidole pale pale mpaka simu ijifunge. Bila hivyo inabadili mawazo kila sekunde, kama bwana mmoja niliyekuwa namjua.

Kulikabili ua. Simu isilale upande. Lishikie kama kioo cha kujitazamia, uso kwa uso, petali zote ziwe umbali mmoja na lensi. Ukiinamisha, petali moja safi, nyingine inaingia kwenye ukungu.

Na mwanga. Jua kali linaunguza ua jeupe, lote linakuwa chokaa. Nilipiga kivulini, Rehema akashika sinia la aluminiamu upande wa pili ili mwanga urudi. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza tunapika nini.

Siku hiyo wakuu niliipata.

Sijisifu, ila niliipata. Petali na vistari vyake. Vimasharubu vyote vya kijani, hakuna kilichokatwa. Ndani ya ua, pale kwenye kishimo, unaona mpaka njano kidogo inapoanzia. Tone moja la umande. Nyuma kumetulia, kijani tupu, hakuna kamba wala ngazi wala takataka yoyote ya kuvuruga macho.

Rehema akasema, "Bibi, hii naiweka kwenye skrini yangu." Na huyo hasifiagi.

Nikamtumia Mama Salumu. Nikakaa na simu mapajani nasubiri sifa.

Sifa zikaja kesho yake asubuhi. Simu inaita, Da Mwanaidi mwenyewe. Hakusalimia.

"Zena, umenitumia nini?"

"Ua, dada."

"Ua la nini?"

"Si uliomba ua?"

"Niliomba ua! Nimeletewa jimaua limoja limejaa simu nzima. Nauliza ua uko wapi?"

"Dada, ndiyo hilo. Asumini ya mama."

"Asumini naijua! Mie nimesema UA, Zena! Ua wetu! Uani!"

Wakuu, nilikaa chini. Hapo hapo, sakafuni.

Darasa la nne hawakutufikisha kwenye ngeli, au walitufikisha nikiwa nachungulia dirishani. Lakini siku ile nilizielewa zote. Ua LIKO na ua UKO. Lile na ule. Letu na wetu. Mama Salumu aliandika "picha ya ua" akaishia hapo, mie nikajaza mwenyewe. Dada hakutaka ua la asumini. Alitaka ua wa nyumba. Hapo nyuma tulipokulia, palipopikiwa, palipofuliwa, tuliposukwa nywele, alipopakwa hina ya harusi yake.

Na mie katika picha yangu nzuri nimeufuta wote, nimebakisha kijani tupu.

Nikamwambia, "Dada, mie nilidhani unataka asumini kwa sababu ya kikuba."

Sauti ikashuka.

"Zena mdogo wangu, asumini hata nikipofuka kabisa nitaijua. Pua ninayo. Lakini ua wetu hauna harufu. Huo nautaka kwa macho, na macho ndiyo haya yanakwenda. Kesho kutwa naingizwa."

Kesho kutwa.

Nje huku mvua ilikuwa imeanza, ile ya Dar ya kumwaga ndoo. Uani kote maji, giza, huoni ukuta. Nikamwita Rehema kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu mama yake alipokuwa mdogo.

Nikamweleza. Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua mjukuu wangu amekua.

Akaniuliza, "Bibi, zile za kwanza ulizokuwa unafuta, si zilikuwa zinatoka safi nyuma?"

"Nimeshazifuta."

"Hazijaenda. Simu ina pipa lake la taka, zinakaa humo kwa muda."

Akafungua. Wakuu, zilikuwemo zote. Kila picha niliyoitukana. Donge la pamba mbele, na nyuma ua wetu, safi, jua la mchana limeingia kila kona.

Tukachagua moja. Upande wa kushoto kinu. Kati kamba ya nguo na kanga zangu mbili. Karo la kufulia. Mbuzi ya nazi imeegemezwa ukutani pale pale alipokuwa akiiegemeza mama. Na ngazi ya jikoni.

Hii ngazi niwaeleze. Baba aliijenga mwenyewe na aliijenga imepinda. Kila mgeni lazima ajikwae. Fundi alitaka kuivunja ainyooshe, mama akakataa. Alisema hiyo ndiyo hodi yake, mtu akijikwaa anajua kuna mtu anaingia. Sie wa nyumbani tunaivuka bila kutazama.

Tukatuma. Da Mwanaidi akapiga tena, nasikia Mama Salumu kule anasogeza simu, "Hapo mama? Karibu zaidi? Niikuze?"

Halafu dada akasema, "Ngazi bado imepinda."

"Bado."

"Inaangusha watu?"

"Wiki iliyopita imemuangusha mtu wa mita ya maji."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Akaanza kutaja kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayepokea mizigo yake. Kinu kile. Karo, mmelipiga rangi, nani kawaambia mlipige rangi? Kamba hiyo, baba aliifunga juu zaidi, mmeishusha. Mbuzi ya mama. Mbuzi ya mama, akasema mara mbili.

Nilimwacha aangalie.

Kisha akaita, "Zena."

"Abee."

"Hiki cheupe kikubwa hapa mbele, kimeniziba nusu ya ukuta, ni kitu gani?"

"Ni ua, dada."

"Zena, usianze tena."

Rehema alitoka mbio kwenda kucheka chumbani.

Alifanyiwa operesheni, alhamdulillahi. Jicho limebaki pale pale lilipokuwa, halijaongeza, halijapunguza. Mama Salumu anasema kila baada ya kutiwa dawa anaomba simu, anaisogeza karibu na uso, anaingia uani kwetu.

Mie sikuridhika, maana ni mtu wa kumaliza kazi. Mvua ilipokatika nilitoka nikapiga nyingine ya haki. Safari hii vyote viwili. Niliiweka simu juu ya kinu, chini chini, mbali na mti kiasi cha mkono mzima na zaidi, potreti imezimwa. Sikugonga ua wala ngazi. Niligonga karo, ambalo lipo mbele kidogo ya katikati. Mkate ukanenepa, ukalimeza ua la mbele na ngazi ya nyuma. Asumini haikutoka kwa vimasharubu vyote, sikudanganyi. Lakini inajulikana ni asumini, na ngazi inajulikana imepinda.

Da Mwanaidi aliipokea akasema, "Hii sawa. Ila ile ya kwanza usiifute."

Kwa hiyo nyie mnaouliza ua litokeje safi, nimeshawaambia. Futa lensi. Rudi nyuma. Funga kikonyo. Likabili uso kwa uso. Lakini kabla ya yote hayo, mtu akikuomba picha, muulize anataka kuona nini. Muulize kwa mdomo, ajibu kwa mdomo. Mie nilikosa dakika moja ya kuuliza, nikatumia siku zote hizo kuisafisha nyuma ambako ndiko dada yangu alikokuwa anatazama.

Na msiwe wepesi wa kudharau picha iliyoharibika. Angalieni kwanza imeharibika kwa nani.

Haya, waliobobea kwenye kamera mnisahihishe, sikasiriki, mradi mseme kwa adabu. Na wale ambao neno moja limewahi kuwaletea kizaazaa kama changu, elezeni tucheke wote.

Naambatanisha picha ya ua. Lile.

Ule hampati. Uani kwetu wageni hawapiti.